Dagaa wa Kuku

"Hakui kwa sababu ndiyo mwisho wake, bibi! Hata umwache ziwani mpaka azeeke, dagaa atabaki vile vile."

"Si ndiyo nasema," bibi akajibu, wala hakuacha kuchambua maharage. "Kinazaliwa kidogo, kinakufa kidogo. Sasa kitamkuzaje mtoto?"

Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nimerudi Ntobeye kwa bibi, na najiona ndiye daktari wa nyumba. Mtoto tuliyekuwa tunabishana juu yake ni wa marehemu dada yangu. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na shanga alizofungwa mkononi akiwa na miezi mitatu zilikuwa bado zinamtosha. Nesi wa zahanati alimfunga ule utepe wa kupimia mkono, ukasoma njano. "Ukifika kwenye nyekundu ni hospitali," akaniambia. "Msagie dagaa, uchanganye kwenye uji."

Basi nikamwambia bibi yote niliyoyajua. Nilisoma Biharamulo, tukila dagaa karibu kila siku, na likizo moja nilienda ziwani kwa kina rafiki yangu. Niliona wavuvi wakiwasha taa kwenye giza, dagaa wakiifuata wenyewe mpaka wavuni, na kukicha wanaanikwa mchangani. Jua likiwa kali, jioni wameshakauka. Unamla mzima, na kichwa, na mifupa, ndiyo faida yake.

Bibi akacheka. "Kumbe wanakufa kwa kushangaa taa! Ndiyo akili unayotaka kumlisha kitukuu changu?"

Akaondoa kibuyu cha maziwa jikoni, eti kisipate shombo. Wazee wa kwetu wengi hawakukua na samaki. Lakini hakunizuia. "Fanya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Ilikuwa masika. Gulioni mama mmoja tu alikuwa na dagaa, gunia moja, weusi weusi, ukiwashika wanavunjika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hawa ni wa kuku, mwanangu. Mvua iliwakuta mchangani wakaoza. Wazuri nitaleta gulio lijalo, jua likiwaka."

"Hata mimi ni wa kuku nataka."

"Una kuku wangapi?"

"Kumi na wawili."

Hatukuwa na hata jogoo. Lakini gulio lijalo lilikuwa wiki nzima, na mimi kungoja sijui. Kila nikifumba macho naona ile njano. Niliwaosha maji matatu, nikawakaanga bila mafuta mpaka harufu ikapungua, nikatwanga, nikachekecha. Nikajiambia moto unaua kila kitu.

Siku ya kwanza mtoto alimaliza kikombe cha uji wenye dagaa. Nikakipeleka kikombe kitupu kwa bibi, nikakishika mbele ya uso wake. Siku ya pili akatapika. Ya tatu akaharisha tangu asubuhi, nampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, yanatoka yote. Macho yakaingia ndani. Akaacha hata kulia.

Jirani akachungulia mlangoni. "Haya, ndiyo masomo hayo. Mnalisha mtoto vidudu."

Bibi hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alimpakata mtoto, akasema taratibu, "Nilikwambia, mjukuu wangu. Dagaa si chakula cha mtoto."

Hapo ndipo nilitakiwa kusema. Dagaa hawakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, niliyeambiwa kabisa ni wa kuku nikadanganya. Badala yake nikachota kijiko kingine cha maji. Nikaona nimeharibu kila upande. Mtoto anaisha mikononi mwetu, na hata akipona, nyumba hii haitakubali tena alishwe dagaa, atarudi kwenye uji mtupu uliomfikisha hapo. Na kupona kwenyewe sikuwa nakuona. Nilimwangalia pale mapajani kwa bibi, nikashindwa hata kuomba.

Ilikuwa Jumapili jioni. Zahanati imefungwa, mvua inapiga, maji yamejaa bondeni huwezi kuvuka. Bibi akaanza rozari peke yake, mkono mmoja umeshika mtoto. Mimi nikaendelea na kijiko.

Nikaamua. Kukipambazuka, maji yakipungua tu, nitamfunga mtoto mgongoni, nitabeba na ule unga wa dagaa uliobaki, na nitamwomba bibi tuongozane. Nesi atauliza mtoto amekula nini. Nitajibu bibi akiwa amesimama pale pale, kwamba nilimlisha dagaa waliooza, na nilikuwa najua.