Nilimpa Adui wa Picha Jina la Shemeji Yangu

Mimi ndiye mkosaji, jamani! Ulimi ni wangu, sina wa kumsingizia.

Kazi yangu ilikuwa kufasiri sinema. Kila Jumamosi mchana nilisimama kando ya pazia katika ukumbi mmoja hapa Tabora, wazungu wa kwenye picha wakisema Kiingereza chao, nami nikiwaeleza watazamaji kwa Kiswahili. Kiingereza chenyewe nilikuwa nakibahatisha. Palipopita maneno nisiyoyajua, niliyatunga.

Siku moja ilikuja picha ya msafara uliobeba dhahabu nyikani. Farasi wakakimbia, bastola zikalia, na watu wangu wanatafuna karanga tu! Hawakumjua anayekimbia wala anayekimbizwa. Bastola haitishi mpaka ujue inamwelekea nani. Nikaona kibarua changu kinaota nyasi.

Kwenye picha alikuwamo msaliti mmoja, anachechemea. Shemeji yangu Masanja, mume wa dada Nyamizi, naye anachechemea, na sisi mashemeji tunataniana tangu zamani. Nikapaza sauti: "Mnamwona huyo? Ni Masanja wa Chemchem! Mali anailinda mwenyewe, anaiiba mwenyewe!"

Loo! Ukumbi ulilipuka. "Masanja mwizi! Mkamateni!" Watu walipanda juu ya viti. Jumamosi iliyofuata picha ilirudiwa, wakaja na jirani zao, nami nikanogewa. Nikamwongezea Masanja tamaa, nikamwongezea uongo, na kila nilipomwongezea, zile mbio zilizidi utamu.

Masanja wa kweli alikuwa mlinzi wa ghala la tajiri mmoja wa Gongoni. Mwezi huohuo majora ya kaniki yakapotea. Wachukuzi walipoulizwa wanamshuku nani, walijibu bila kufikiri: Masanja. Kwa nini? "Mbona kila mtu anajua!"

Polisi wakanifuata ukumbini. Inspekta akaniuliza, "Wewe ndiye unayemtangaza. Umemwona akiiba?"

Hapo ndipo nilipoharibu, ndugu zangu! Ningesema, "Bwana, ule ulikuwa utani," yangekwisha. Lakini mwenye ukumbi alikuwa amesimama mlangoni, naye hakujua kwamba nusu ya tafsiri zangu ni za kutunga. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikajibu, "Watu wanasema, bwana." Watu! Watu gani, kama si mimi?

Masanja akafungwa. Alikuwa bado gerezani karani wa yule tajiri alipokamatwa Nzega akiuza kaniki zilezile. Walimfungua Masanja, lakini kazi hakurudishiwa. Mitaani wakamwita Msaliti, huku wanacheka.

Nilikwenda kuomba radhi. Masanja hakutoka ndani. Dada alinipokea uani, anafunga mizigo ya kuhama.

"Dada, nilikuwa namtania shemeji."

"Mtani hukutania usoni, nawe ukamrudishia," alisema. "Wewe ulimpa mwenzako nafasi gani ya kukurudishia?"

Niliondoka na radhi yangu mdomoni. Mimi, niliyekula kwa maneno! Tangu siku hiyo dada hasemi nami. Hata mama alipofariki, tulikaa matangani kama wageni.

Enyi mnaosimulia watu hadithi, chungeni! Jina la mtu si la kuchezea. Nanyi mliokuwa mkipiga kelele kwenye viti vya mbele, nawaomba mnisikie: yule mwenye kuchechemea alikuwa mzungu wa kwenye picha. Masanja hakuiba. Ukumbini kwenyewe hajawahi kuingia. Kila Jumamosi mchana alikuwa ghalani, analinda.