Mfungo wa Ijumaa

Mume wangu alipoanza kufunga siku za Ijumaa, sikumwona mcha Mungu. Nilimwona mwongo. Mkristo wa hapa hapa Malindi, hii yetu ya milimani, si ile ya pwani, tumepata kipaimara kanisa moja, tangu anioe hajawahi kuruka hata chai ya asubuhi. Leo hali kitu mpaka jua lizame? Na kwa nini Ijumaa?

Kijijini kwetu wengi ni Waislamu. Tunazikana nao, tunalishana sikukuu, kwa hiyo jambo kama hili halifichiki. Jirani yangu alinikuta bustanini napalilia kabichi akaanza kucheka.

"Shoga, naona shemeji anakuja kwetu. Akisilimu tu, jiandae kupata mwenzio."

Yeye alitania, lakini mimi sikucheka. Maana mume wangu ndiye anayeteremsha mboga zetu Mazinde, kule chini kwenye lami, na siku yake ya kushuka ni hiyo hiyo Ijumaa. Pale kituoni kuna mama lishe mmoja, mjane, Mwislamu, mwepesi wa kucheka. Nilishamwona. Wanaume wa gari la mboga husimulia pilau lake njia nzima mpaka wafike huku juu. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi si mtoto.

Nikaanza kumchunguza. Adhana ya alfajiri ikilia, ananyanyuka taratibu na kutoka. Siku moja nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya banda la ng'ombe amepiga magoti, kofia mkononi, midomo inacheza. Hakuwa ameelekea kibla. Hilo halikunituliza hata kidogo, nikajiambia bado anajifunza. Simu yake aliiacha mezani, haina hata namba ya siri. Hapo ndipo nilipozidi kuogopa. Mwanamume anayeacha simu wazi namna ile ameshajipanga.

Ijumaa iliyofuata nikaamua kumjaribu. Nilipika makande ya mahindi mabichi, nikayaunga vizuri, nikamwekea mbele yake na maziwa ya mgando kabla gari halijapita. Aliyatazama, akameza mate.

"Nimefunga, mama."

"Unamfungia nani?"

Alisogeza bakuli pembeni. Kisha akaniambia nikae. Alisema kwa Kishambaa, na mume wangu akiacha Kiswahili ujue hatanii.

"Yule mama wa Mazinde alinitaka. Na mimi nilimtaka. Sijamgusa. Lakini nikifika kule na njaa nakaa kwenye benchi lake, na nikishakaa sitaki kuinuka. Nikiwa nimefunga sina la kukalia. Nashusha mboga, narudi nyumbani. Nikila haya yako saa hizi, mchana nitakula ya kwake."

"Na huko bandani unaomba nini?"

"Naomba jioni inikute hapa."

Nilitaka kumwagia yale makande. Kumbe nilikuwa sahihi siku zote, mwanamke yupo, na kuwa sahihi hakukunisaidia kitu. Niliumia. Honi ikapigwa barabarani, akavaa buti zake, akaenda na njaa yake. Makande nikampelekea jirani.

Ijumaa ya baada ya hapo adhana ililia na yeye hakuinuka. Mafua yalikuwa yamemlaza, alikuwa anakoroma. Nilijifunika nikamsikiliza. Adhana ikaisha, majogoo wakaanza, bado amelala. Sikuwa nimemsamehe. Mpaka leo simwamini sana, ila ile njaa yake naiamini.

Nikamsukuma bega.

"Baba watoto, amka ukaombe."

Akatoka. Jiko sikuliwasha asubuhi ile. Alipopanda gari nilirudi ndani na mimi sikutia kitu mdomoni, mpaka jioni niliposikia gari linapanda mlima, nikatoka barabarani kuangalia kama amo.