Nukta Tatu Chini ya Ua

Tarehe 14 Juni 1977, Jumanne. Ukungu ulishuka mpaka mlangoni, jua likachelewa, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu aongee mikono ikiwa kwapani. Ndivyo nilivyoandika siku ile, na chini yake nikaongeza: sweta imetoka na nukta tena, hatujui kwa nini.

Nikisoma kumbukumbu zangu za wiki ile naliona neno "hatujui" kila mahali. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwanzoni nilidhani nisiyejua ni mimi tu. Baadaye nikaona hata waliosema wanajua walikuwa wanabahatisha kama mimi, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Nianze na mashine. Kikundi cha akina mama wa kanisani kwetu, Mbeya, kilipewa mashine ya kufumia sweta, nayo ikawekwa nyumbani kwetu, karibu na dirisha, kwa ajili ya wifi yangu. Ilikuwa ndefu kama benchi, imejaa sindano zilizopangwa kama meno ya kitana. Juu yake kulikuwa na kichuma cha kusukuma huku na huku, ambacho sisi tulikiita treni, maana reli ilikuwa haina muda mrefu tangu ipite mjini kwetu na kila kitu kilichokwenda na kurudi tulikiita treni. Nyuma kulikuwa na mdomo unaomeza kadi. Kadi ina matundu. Penye tundu, sindano inachukua uzi mwekundu. Pasipo na tundu, inachukua wa bluu. Kadi inazunguka, treni inapita, na ua linatokea lenyewe kifuani mwa sweta. Nimeliona kwa macho yangu mara nyingi, na bado mtu akiniuliza tundu linageukaje kuwa ua, sina la kumwambia.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa na mguu wa kushoto uliokauka tangu utoto. Mashamba yetu yako mlimani, na mtu wa mguu ule hapandi mlima na jembe. Alikuwa anachambua maharage, anaangalia watoto wa wenzake, anasema hajambo. Mashine ilipokuja, nilimsikia kwa mara ya kwanza akimwambia jirani, "Nisubiri kidogo, niko kazini."

Sasa mama mwenyekiti wa kikundi alikuwa amesema hivi: ikifika Jumapili, wifi alete sweta moja ya mtoto wa chekechea, safi, yenye ua. Isipokuwa safi, mashine itahamishiwa Mbalizi kwa mama mwenye nguvu zaidi. Nisimsingizie. Hakusema "mwenye miguu miwili". Alisema "mwenye nguvu". Lakini wifi alisikia miguu.

Na sweta ilikuwa inatoka na nukta. Ua lilikuwa zuri, la petali nne, halafu chini yake, mahali palipotakiwa kuwa bluu tupu, zinakaa nukta tatu nyekundu. Ukienda pembeni kidogo, ua jingine, na nukta tatu nyingine. Ubaya haukuwa wa kuonekana tu. Ndani ya sweta uzi mwekundu uliruka mbali kutoka nukta hadi nukta, ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na kidole cha mtoto kikiingia hapo kinakwama. Mwanangu wa mwisho alivalishwa moja kwa majaribio, akalia, akavuta, na kola ikajikunja.

Mume wangu, ambaye ni fundi baiskeli, alisema ni mafuta. "Kitu chochote cha chuma kikisumbua, kwanza kipe mafuta." Akakipa. Sweta iliyofuata ikatoka na nukta zake zilezile, na doa jeusi la grisi juu yake. Lakini niseme haki, alitaka kusaidia, na treni ilikuwa nyepesi kusukuma baada ya hapo.

Mimi nilisema ni sindano. Nilikuwa nimeona sindano moja imepinda kidogo. Tukaibadilisha na ya pembeni isiyotumika sana. Nukta zikabaki. Nikasema labda ni uzi, umevuta unyevu wa ukungu. Tukauanika juu ya jiko. Nukta zikabaki, na uzi ukanuka moshi.

"Wifi," akaniambia, maana sisi wawili tuliitana hivyo, "wewe ukisema neno 'labda' tena nitakufuma na wewe."

"Basi nifume na ua," nikamjibu, "ila bila nukta."

Akacheka kidogo, kisha akageuka dirishani, na nikaona hajacheka sana.

Nieleze habari ya kadi, maana bila hiyo hakuna kitakachoeleweka. Mashine za namna ile zilikuwa chache, moja ikiwa Ipogolo huko Iringa, nyingine Rujewa, na hii yetu. Kadi za kiwandani zilikuwa chache vilevile na hazikuwa na maua tuliyoyapenda. Kwa hiyo mama wa Ipogolo alianza kutoboa za kwake, akitumia picha kuukuu za eksirei zilizotupwa hospitali, kwa kuwa ni ngumu na hazilowi. Kadi yetu ukiishika juu kwenye mwanga ulimwona mtu asiyejulikana, mbavu zake zikiwa katikati ya matundu ya ua. Na kadi hizo hazikuuzwa. Ukipata moja, unatoa nakala yake na kuipeleka mbele kwa mwenzako. Koleo la kutobolea lilikuwa moja tu kwa wote. Lilisafiri kwa basi likiwa limefungwa kwenye kipande cha khanga, na sikuwahi kusikia kondakta akilidai nauli. Mtu akigundua njia ya kuondoa tatizo, naye anaipeleka mbele kwa mdomo: uzi wa namna hii ulegeze, treni ikikwama usiivute kwa nguvu, rudi nyuma polepole.

Kwao Iringa walifananisha jambo hilo na mgowe, ile kazi ya shamba ambapo leo mnalima kwangu, kesho kwako, na hakuna mshahara. Wifi hakuwahi kualikwa kwenye mgowe wa shamba maishani mwake. Wa kadi alialikwa.

Ijumaa alikuja mama wa Ipogolo mwenyewe. Alikuwa amekuja Mbeya kumwona binti yake aliyejifungua, akapitia kwetu kuchukua koleo. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya mto.

"Kamwene," akatusalimu mlangoni kwa salamu ya kwao Iringa.

"Kamwene," tukamwitikia, na kabla hajakaa wifi akamwekea sweta mapajani. Hakumpa hata nafasi ya maji.

Aliitazama mbele, akaigeuza ndani, akaingiza kidole kwenye ule uzi ulioruka.

"Mmefanya nini mpaka sasa?"

Tukamwambia: mafuta, sindano, uzi.

"Yaani mmewatesa wote wasio na kosa," akasema. "Sasa toeni kadi, igeuzeni juu chini, mfume tena kipande kidogo. Msiguse kitu kingine."

Sikuelewa faida yake. Niliona tutapata ua la kichwa chini, basi. Wifi akageuza, akafuma. Ua likatoka kichwa chini, na nukta tatu, badala ya kukaa chini yake, zikawa juu.

"Mmeona? Kosa limehama na kadi. Kwa hiyo linakaa ndani ya kadi. Sindano haina kosa, imetoka kifungoni."

Hapo nilielewa kwa muda mfupi, kisha nikapotea tena. Kwa sababu wifi alirudisha kadi kama ilivyokuwa, akasukuma treni polepole mpaka nukta zikatokea, akasimama, na sote tukainama kutazama ule mstari wa kadi uliokuwa umejitokeza mdomoni mwa mashine. Mstari ule haukuwa na tundu lolote. Ulikuwa mtupu kabisa, ubavu wa yule mgonjwa tu.

"Hapa ndipo ninapochanganyikiwa," wifi akasema. "Nimetazama hapa tangu Jumatatu. Hakuna kitu hapa, mama. Inafuma kitu ambacho hakipo."

"Haisomi pale unapotazama," mama wa Ipogolo akasema. "Inasoma chini kidogo, ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Unachokiona wewe bado hakijafika zamu yake. Mimi mwenyewe ilinisumbua mpaka nikataka kuipiga teke."

Akaichomoa kadi, akahesabu mistari kwa ukucha kuelekea chini, akafika mwisho wa kadi ambapo ua limekwisha. Palikuwa na matundu matatu madogo, yametengana kidogo, kila moja kivyake. Akainamisha uso karibu na kadi. Nikadhani amekasirika. Akaweka kidole kwenye lile la kwanza.

"Hili ni la kwangu."

Na ndipo tulipojua. Kwao wanawake wanaosuka vikapu, msukaji huacha alama yake mahali, pengine unyasi mmoja wa rangi tofauti karibu na ukingo, ili kikapu kikienda mbali kijulikane kimetoka mikono gani. Yeye alipomaliza kufuma kwa kadi yake, kabla ya kuipeleka mbele, alitoboa tundu moja pale mwisho, mahali alipopaona patupu. Mama wa Rujewa alipotoa nakala, alitoboa kila tundu aliloliona, kwa uaminifu, maana hakujua lipi ni ua na lipi ni jina la mtu. Nukta ilipotokea kwenye sweta zake alidhani ndivyo ua lilivyo. Halafu naye akaongeza lake. Kadi ikaja kwa mama mwenyekiti, ambaye hafumi lakini ndiye anayetunza boksi la kadi, na yeye kwa heshima akatoboa la tatu. Mashine haikujua heshima. Iliona tundu, ikachukua uzi mwekundu.

Nimefikiria sana kosa lilikuwa la nani, na sijampata mtu. Anayeweka alama ya wema hakosei. Anayenakili bila kupunguza hakosei. Mashine nayo ilifanya ilichoambiwa. Lakini sweta ilikuwa mbovu, na Jumapili ilikuwa inakuja.

"Ziba," mama wa Ipogolo akasema. "Anza na langu."

Tulikuwa na plasta ya vidonda. Wifi akakata vipande vidogo, akabandika huku na huku, akakwangua kwa ukucha mpaka vikalala. Akafuma. Chini ya ua pakawa bluu tupu. Nilidhani nitafurahi, na nilifurahi, ila nilimtazama mama wa Ipogolo akifunga koleo lake kwenye khanga na sikujua anajisikiaje. Kabla hajalifunga, wifi alimwomba aliazime mara moja, akainamia kadi, akakatakata kitu pembeni. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, "Usijali, wifi." Kwa hiyo nikajali.

Jumapili baada ya ibada akina mama walikuja kwetu. Mama mwenyekiti aliivuta sweta, akaitazama mbele, akaingiza mkono mzima ndani na kuzungusha vidole. Hakikukwama hata kimoja. Akasema, "Imetulia." Nikaanza kupumua. Ndipo akaomba kadi.

Macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, kwa hiyo alisoma kwa kidole. Kidole kikashuka taratibu mpaka mwisho wa kadi, kikasimama, kikarudi, kikasimama tena.

"Nani kaniziba?"

Mimi nilitaka kueleza habari za mistari inayoonekana na isiyoonekana, lakini nilijua nikianza nitachanganya watu wote pamoja na mimi.

"Ni mimi, mama," wifi akasema. "Ila hukuzibwa. Umehamishwa."

Akamshika kidole, akakipeleka ukingoni mwa kadi, nje ya safu ya matundu ya pembeni ambayo mashine huyashika ili kuivuta kadi. Palikuwa na pengo dogo lililokatwa kama jino la panya. Kando yake pengo la pili, na la tatu.

"La kwanza ni mama wa Ipogolo. La pili mama wa Rujewa. Hili hapa ni wewe. Huku mashine haifiki. Anayetoa nakala atawakuta, na mtoto hatakwama kidole."

Mama mwenyekiti alipapasa pengo lake kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Pembeni hapa pana baridi," akasema mwishowe.

"Mbeya nzima ina baridi, mama," mmoja wao akamjibu kutoka nyuma. "Vaa sweta."

Wakacheka, na yeye akacheka mwisho. Kisha akauliza, "Na la kwako liko wapi?"

Wifi akasema hajaweka, alikuwa anasubiri kujua kama mashine inabaki.

"Weka," mama mwenyekiti akasema, akanyanyuka kutafuta viatu vyake. Hakusema kingine kuhusu Mbalizi, siku ile wala baadaye. Koleo lilikuwa limekwisha kwenda Iringa, kwa hiyo wifi alilikata pengo lake kwa mkasi wa kukatia uzi, likatoka pana kuliko ya wengine.

Mpaka leo sijaelewa kwa nini aliyetengeneza mashine aliamua isome mahali mtu asipoona. Huenda kuna sababu. Sikupata wa kumuuliza.

Jioni ile tulikula viazi mviringo vya kuchemsha na maharage. Chumvi ilizidi. Mimi niliitia, wifi akaitia akidhani sijaitia, na mume wangu alikiri kwamba naye alipita jikoni. Nikaandika kwamba kosa halikuwa la mtu, na kwamba tulivimaliza vyote.