Mluzi Nisiousikia

Siku yangu ya kwanza kazini nilianza na msumeno. Spika zilikuja baadaye. Kilikuwa kiwanda cha mbao cha serikali, nje kidogo ya mji wa Njombe, na Msimamizi wa Zamu alinisimamisha nyuma ya msumeno wa duara, ule wa kupasulia magogo ya paina. Nikamwomba pamba ya kuziba masikio. Akaniinamia na kupaza sauti: "Anayeziba masikio hatasikia gogo likimwangukia!" Nikaona ana hoja. Nilifanya kazi pale miaka mingi, mpaka utosi ukaanza kuonekana kwa upara, bila pamba.

Kwanza zilipotea sauti nyembamba. Ndege wa asubuhi, mluzi wa wachunga ng'ombe, maneno ya watoto. Sauti nzito zilibaki: ngoma, lori, radi. Sikumwambia mtu. Mwanamume mwenye afya zake atasemaje kwamba hasikii ndege?

Yalipokuja mageuzi ya soko huria, kiwanda kikauzwa na sisi tukapunguzwa. Nikashuka Makambako, pale njia panda, ambako malori yalikuwa yakishusha kila kitu tulichokuwa hatujakizoea: redio kaseti, runinga za rangi, deki za video. Nikaajiriwa kwenye karakana ya redio. Mwenyewe alikuwa mtu wa Tabora, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Sote tulimwita Fundi Mkuu.

Nyinyi vijana mnanunua sabufa dukani ikiwa kwenye katoni. Sisi tulisema boksi la besi, na tulilijenga wenyewe kwa ajili ya watu waliotaka sinema sebuleni. Spika kubwa Fundi Mkuu aliileta kutoka Dar es Salaam. Boksi lilikuwa langu. Nilikata plaiwudi nene, nikaunga kwa gundi na skrubu, ndani nikatandika sufi ya godoro ili sauti isigongane na kuta. Mbele nilitoboa tundu la pili na kupachika kipande cha bomba la maji. Boksi hupumulia hapo, na urefu wa bomba ndio unaoamua besi ishuke hadi wapi. Kwingine kote sharti pazibwe. Ukibaki ufa, hewa inayosukumwa na spika hupita pale kwa mluzi mkali. Kuutafuta, tulipitisha mshumaa kwenye maungio huku muziki ukilia. Mwali ukicheza, hapo panavuja.

"Spika ni mdomo, boksi ni kifua," Fundi Mkuu alipenda kusema. "Mwenye kifua kilichotoboka haimbi."

Mimi nilipima kazi yangu kwa kuweka kiganja juu ya boksi. Wateja walishangaa: "Huyu Mbena wa Njombe anasikiliza kwa mkono!" Walidhani ni ufundi. Nikawaacha wadhani hivyo.

Idi moja, Fundi Mkuu akiwa safarini, nilipeleka boksi kwa Mzee Salumu, mwenye malori. Karakanani nilikuwa nimelipitishia mshumaa, na mwali ulitulia. Lakini lilisafirishwa juu ya shehena ya mahindi, likitikiswa njia nzima. Sebule ilijaa wageni. Wakaweka kanda ya harusi ya binti yake, nami nikaunganisha waya, nikaweka kiganja, nikafungua sauti. Ngoma zikanipanda kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko. Nikafumba macho kwa raha.

Nilipofumbua, Mzee Salumu alikuwa ananiambia kitu. Niliona midomo tu. Nikadhani ananisifu.

"Asante sana, Mzee," nikasema. "Na bado! Naweza kuongeza."

Nikaongeza.

Ndipo nikawaona wanawake wameziba masikio kwa khanga, na mtoto mchanga kinywa wazi, analia. Mzee Salumu akainuka, akachomoa waya ukutani mwenyewe. Akaja karibu na uso wangu, akasema polepole:

"Fundi, nimekuambia mara tatu uzime. Linapiga mluzi wa kutoboa kichwa. Husikii?"

Mkewe, Mama Zuhura, akamwambia jirani yake kwa sauti kubwa, labda akiamini neno lake halitanifikia: "Masikini, kumbe fundi wa spika ni kiziwi!"

Hilo nililisikia. Watu walicheka, wakakatisha kicheko. Mzee Salumu akaagiza niletewe pilau, akaniketisha ubavuni pake kama mgeni wa heshima. Afadhali angenifukuza.

Fundi Mkuu aliporudi, nilikuwa nimeshafunga zana zangu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mimi sisikii, Fundi."

"Najua. Nikikuita umenipa mgongo, hugeuki."

"Mbona hukusema?"

"Ungebaki?" Akafuta miwani yake. "Kalitengeneze lile boksi. Wewe mwenyewe."

Njia nzima niliomba nimkute Mzee peke yake. Nikamkuta Mama Zuhura. Mshumaa ulinionyesha ungio lililoachia kwa nyuma, nikalijaza gundi na unga wa mbao, nikangoja likauke. Kisha ikabidi niseme, nikitazama sakafu:

"Mama, naomba unisaidie masikio."

Hakucheka. Aliketi, akainua mkono kila aliposikia mluzi, nami nikaziba, mpaka mkono ukabaki mapajani. Tangu siku hiyo sikukabidhi boksi bila kumwomba mtu mwenye masikio anisikilizie. Nilipofungua karakana yangu Njombe, watu waliiita kwa Fundi Kiziwi, na kazi haikukosekana. Lakini msidanganywe kwamba mtu huzoea. Kila nilipoomba, uso uliwaka.

Sasa nimestaafu, niko kijijini Yakobi na mke wangu, Mama Tumaini. Ninachokionea haya zaidi ni cha hapa nyumbani. Wateja niliwaomba warudie maneno. Mke wangu sikuwahi kumwomba. Alizungumza akipika, nami nikaitikia "ee" mpaka tukazeeka. Juzi, tukiota moto jikoni, nikajikaza:

"Miaka yote ile nikikuitikia, ulikuwa unasema nini?"

Akasogeza kigoda, akakaa ninapoweza kuiona midomo yake.

"Mengi nimesahau. Mara nyingine nilikuwa nakulaumu," akasema. "Ukaitikia ee. Nikadhani umekiri kosa, nikakusamehe."

Akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Mimi nilichochea moto, kisha nikamwomba aanze upya, moja baada ya jingine, yale anayoyakumbuka.