Jina la Sisimizi wa Chyulu

Ukimponda sisimizi kati ya vidole, hunuka kama ndimu iliyosahauliwa juani. Harufu hiyo ndiyo iliyotawala nyumba yetu ya Kitui likizo ile ya Agosti, ikichanganyika na ya spiriti, na hadi leo nikipita karibu na chumba cha kudungia sindano najikuta nimerudi kwenye meza ya chakula ambayo hatukuwa tukiitumia kula. Meza ilikuwa ya sisimizi. Mama alikuwa mwalimu wa baiolojia aliyerudi chuo kikuu akiwa mtu mzima, na kila jioni, baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, aliketi mbele ya hadubini ya kuazima, akimgandisha sisimizi mmoja mmoja kwenye ncha ya kikaratasi cha pembetatu. Alifanya hivyo akiwa ameziba pumzi, maana pumzi ya kawaida ilitosha kumpeperusha.

Sisimizi hao walitoka Chyulu, kule Makueni, juu kabisa kwenye nyasi za ukungu ambako sisimizi wengi hushindwa na baridi. Mama aliwapata chini ya jiwe katika safari ya masomo, na tangu siku hiyo hakutulia. Kwa macho matupu walikuwa kama wale wa jikoni kwetu, wekundu wa kahawia, wadogo. Lakini aliponiinamisha kwenye hadubini nilimwona mnyama mzima: kiuno chenye mafundo mawili kama shanga, na juu ya kiuno miiba miwili. Ndugu yake wa tambarare, yule anayetembea Kitui na Kiboko, ana miiba mirefu na mgongo mtupu. Huyu wa mlimani alikuwa na miiba mifupi, butu, na mgongo wenye manyoya mazito kama brashi ya viatu. Ndivyo wanavyotambuliwa, Mama alinieleza. Kitabu cha wataalamu hukuuliza: miiba ni mirefu au mifupi? Ukijibu, kinakupeleka kwenye swali jingine, na jingine, mpaka ufike kwenye jina. Huyu alikuwa akifika mahali ambapo kitabu kinanyamaza. Mama aliamini hana jina bado. Kama ni kweli, yeye ndiye angempa, na shahada yake ingesimama juu ya mgongo ule mdogo. Msimamizi wake alitaka kuona kundi zima pamoja na malkia kabla chuo hakijafunguliwa. Kundi lilikuwa ndani ya chupa ya spiriti, chini ya kitanda.

Susu, mama yake Mama, alikuwa amekuja kukaa nasi likizo hiyo. Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, wa wale ambao hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza isije ikawa na kileo. Akifagia chumba, akaikuta chupa. Akaifungua, akanusa, akaona wadudu wanaelea ndani, na moyo wake ukaenda pabaya: binti yake mwalimu anakunywa pombe iliyotiwa dawa ya mganga. Aliimwaga yote nyuma ya jiko, kisha akatuma watu wawaite akina mama wa kanisa. Mama aliporudi kutoka sokoni alikuta sebule imejaa vitambaa vyeupe vya kichwa na wimbo wa maombi, akadhani kuna msiba. Mwanamke mmoja alimshika mkono na kumnong'oneza kwamba asione haya, hata mume wake alikuwa hivyo hivyo, na leo ni shemasi. Ilichukua muda Mama kuelewa anaombewa nini. Alipoelewa, alitoka mbio hadi nyuma ya jiko. Kuku walikuwa wameshamaliza. Jogoo alitembea kikombokombo kama mtu anayetafuta mlango.

Wageni walipoondoka, Mama alimweleza Susu kila kitu, polepole, akiwa ameketi sakafuni. Susu alisikiliza, chupa tupu mapajani.

"Nilidhani ninakuokoa," alisema.

"Umewaokoa kuku, Mwaitu," Mama akajibu, akimwita kwa jina ambalo Mkamba humwita mamake. Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya, na cha Mama kikaishia kwenye machozi.

Asubuhi Susu alifunga kitambaa chake cha kanisa, akaenda mjini kwenye duka la dawa na kununua spiriti mwenyewe. Alikataa kufungiwa kwa gazeti. Aliibeba chupa waziwazi katikati ya soko, na kila aliyemsalimu akamwambia kuwa hii ni ya kazi ya binti yake. Kisha akatangaza kwamba tunaenda Chyulu, sote.

Tulipata nafasi kwenye lori la magunia hadi Kiboko, tukalala kwa jamaa, naye akatufikisha chini ya vilima. Susu alibeba muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, kwenye kopo na hakulalamika hata mara moja, ingawa pumzi yake ilisikika. Mama alikuwa na sheria moja: jiwe likiinuliwa lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa sababu ni paa la mtu. Susu, ambaye maisha yake yote alikuwa akiondoa mawe shambani kwa hasira, alijifunza kuyarudisha kwa mikono miwili kama anayemfunika mtoto. Tuliinua mawe hadi ukungu ukatuloanisha nywele. Minyoo, mende, mizizi. Nilianza kuona jinsi Mama alivyokuwa akiepuka macho yetu. Kisha, akiwa amelala kifudifudi na lenzi jichoni, akaacha kusogea.

"Manyoya," alisema.

Malkia alikuwemo, mnene, mzito kwa baridi. Mama alimwinua kwa brashi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akisita. Susu akafungua chupa. Alimshukuru Mungu kwa Kikamba, kwa maneno machache kama ya mezani, kisha akasema, "Mtie, mwanangu. Safari hii namlinda mimi."

Miezi ilipita ndipo msimamizi alipopiga simu. Sisimizi wetu alikuwa na jina tayari. Alikuwa ameelezwa zamani, kutoka mlima mwingine wa mbali, na kitabu cha Mama kilikuwa hakijamfikia. Unywele kwa unywele, alikuwa yule yule. Mama aliiweka simu mezani akakaa. Susu alitaka kuelezwa, akaelezwa: sisimizi huyu huyu anaishi mlima mwingine, na katikati kuna nchi ya joto ambayo hawezi kuivuka.

Susu alifikiri. "Kumbe ana ndugu," alisema. "Walitenganaje?"

 Mama akavuta kiti mbele ya hadubini. Swali hilo akaligeuza kuwa utafiti wake, nalo ndilo lililompa shahada.

Susu sasa hayupo. Wanafunzi wa Mama, huko Kwa Vonza, Kitui, anakofundisha sasa, humpiga mdudu picha kwa simu na kupata jina kabla mdudu hajaondoka, na Mama hufurahi kuliko wao. Nami sililii zile siku za polepole. Ninachokosa ni mtu wa kupokea jina na kuuliza swali linalofuata. Mimi ninaishi Nairobi, naandika riwaya, na kati yangu na Mama kuna nchi yote ile ya joto. Jumapili hunipigia simu, na kabla ya salamu huuliza kama baridi ya Julai imefika huku juu, na kama nimevaa sweta. Nimevaa.