Gombesa Aliyemtoa Bibi Nyumbani

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa kisiwani Ngazija, akaletwa Iringa na babu, aliyekuwa fundi baiskeli. Mimi nilimkuta mjane tayari. Alikuwa hatoki ila kwa msiba. Watoto wa mtaani waliiga matamshi yake, naye aliwasikia, basi akawa mtu wa maneno machache.

Nilipokuwa darasa la nne, katikati ya miaka ya hamsini, mwalimu alikuja na gazeti. Alisema kuna samaki wa kilindini ambaye wataalamu walimjua kwa alama zake kwenye mawe tu, wakadhani ametoweka tangu zamani za zamani. Kumbe yu hai, anavuliwa Ngazija. Nikanyoosha mkono.

"Bibi yangu anatoka huko."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Kamwulize kama anamjua."

Nilimkuta Bibi akipepeta mchele. Nilipomweleza habari za samaki mwenye mapezi manene kama mikono, aliweka ungo chini.

"Huyo gombesa. Nani amesema alikufa?"

Kesho yake alivaa buibui, akajifunga shuka juu yake kwa ajili ya baridi, tukaenda pamoja. Mwalimu alimwamkia, "Shikamoo, Bibi," akampa kiti chake. Bibi hakukaa. Alituonyesha dirishani namna mji wetu unavyoteremka ghafla kwenda mto Ruaha.

"Pwani ya kwetu ndiyo hivyo," alisema. "Mlima unazama moja kwa moja baharini. Gombesa anakaa huko chini kwenye mapango, penye giza na maji baridi. Wavuvi hawamtafuti. Wanashusha kamba ndefu yenye jiwe kumvua samaki mwingine, naye anakuja kwenye ndoano."

"Ana rangi gani, Bibi?" aliuliza mtoto mmoja, yule yule aliyezoea kumwiga.

"Buluu, mwanangu, ana madoa meupe. Akifa anageuka kahawia. Magamba yake yanakwaruza kama tupa. Babu yenu alikuwa nalo moja, alisugulia mpira wa baiskeli kabla ya kutia kiraka."

"Ni mtamu?"

"Ana mafuta mno. Ukizidisha, utalala chooni."

Darasa zima lilicheka, naye akacheka nao. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka mbele ya watu.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba samaki huyo hatagi, anazaa watoto hai. Bibi alikuwa ameshafariki; ningalipenda kumwambia.

Siku ile, tulipokuwa tunarudi kutoka shuleni, alinishika mkono. "Aliyekuwa akishusha kamba ile ni baba yangu," alisema. "Siku moja alikwenda, hakurudi. Tangu nije huku sijamtaja."

Nikamwuliza alikuwa mtu wa namna gani. Bibi alisimama kando ya njia, akafikiri, akaanza kunieleza. Tulifika nyumbani jua limekwisha kupinduka, na jiko halijawashwa.