Mkono wa Kushoto

Mwalimu Kumbukeni, jina alilobandikwa na wanafunzi wake bila yeye kuwa na habari, siku hiyo hata chai hakuigusa. Mshauri wa hisabati alikuwa anakuja kukaa darasani kwake, na mkuu wa shule alikwisha kumwambia bila kupepesa macho: "Mgeni asiporidhika, hisabati ya darasa la sita nampa yule mwalimu kijana, mpya. Wewe utarudi darasa la kwanza ukaimbe nao a, e, i."

Darasa la kwanza! Mtu aliyewafundisha mpaka wazazi wa wanafunzi wake! Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mwanzoni mwa muhula, uvumi wa wageni ulipoanza tu, alikuwa amewaambia watoto: "Nikiuliza swali wote nyoosheni mikono, kumbukeni! Anayejua anyooshe wa kulia. Asiyejua, wa kushoto." Mgeni aone darasa zima linajua, na yeye aite mikono ya kulia tu. Nani angemshika?

Mshauri akaja. Mama mfupi, mpole, viatu vimejaa vumbi, akajibana kwenye dawati la nyuma. Upole huo ndio uliomtisha zaidi mwalimu. Chaki ikamvunjika mkononi. Akaandika ubaoni tatu gawanya kwa nusu, akageuka.

"Kumbukeni, tunageuza, halafu?"

"Tunazidisha!"

"Jibu?"

Mikono yote juu. Akamwita mmoja wa kulia, akapata sita. Akaandika swali jingine, akamwita wa kulia mwingine, naye akapatia. Moyo ukaanza kurudi mahali pake.

"Samahani mwalimu," mshauri akasema kutoka nyuma, "naomba na huyu wa dirishani ajibu lile la kwanza."

Wa dirishani alikuwa binti mkimya, amenyoosha wa kushoto mpaka bega limepanda. Lahaula!

Binti akasimama. "Sijui."

"Mbona umenyoosha mkono?" mshauri akauliza.

"Nimenyoosha wa kushoto."

Darasa likaangua kicheko. Watoto na siri wapi na wapi! Mshauri hakucheka. "Haya mwanangu, una mikate mitatu. Kila mtu unampa nusu. Watapata watu wangapi?"

"Sita," binti akajibu papo hapo.

"Sasa mbona ulisema hujui?"

"Hiyo ni mikate. Sikujua kama ndiyo hisabati."

"Na huo mkono wa kushoto, ni wa leo tu?"

"Kila siku, tangu muhula uanze. Ila mwalimu haniiti."

Hakusema kwa kulalamika, na hapo ndipo palipomchoma mwalimu. Kumbe mchezo aliowafundisha kwa ajili ya mgeni, watoto waliuchukulia kuwa kweli. Siku zote hizo yule binti alikuwa anamwambia waziwazi kwamba hajaelewa, naye anaupita ule mkono kana kwamba hauoni. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu akatoka, mshauri nyuma yake.

"Enhe?" mkuu akauliza. "Nimwite kijana?"

Mshauri alitaka kusema, mwalimu akamwahi. "Mkuu, nimedanganya. Nimewafundisha kunyoosha mikono ili nionekane najua kazi. Uamuzi ni wako. Lakini kipindi hakijaisha na kuna watoto hawajaelewa. Niache nimalize."

Mkuu akamtazama mshauri.

"Usimwite mtu," mshauri akasema. "Nitakuja kila wiki, tutaandaa vipindi pamoja, mimi na yeye."

Mwalimu hakungoja kusikia mkuu atajibu nini. Alirudi ndani, akafuta ubao wote.

"Nyoosheni tena kama mlivyonyoosha mwanzo. Sasa mikono ya kulia, shusheni."

Iliyobaki juu ilikuwa mingi kuliko alivyoogopa. Akaitazama mmoja mmoja, kisha akavuta kiti akaketi katikati yao.

"Haya, wanangu," akasema, "niambieni niliwaacha wapi."